Jinsi ya kutambua na kukusanya cherehani za zamani za Singer: mwongozo kamili

Mtu akikuambia anauza "Singer orijino ya enzi za mkoloni", bado hajakuambia kitu. Singer ilitengeneza cherehani kwa mamilioni, katika viwanda vya nchi nyingi, kwa zaidi ya miaka mia moja. Zipo za kawaida kabisa ambazo thamani yake ni kazi zinazoifanya, zipo adimu, na zipo ambazo si Singer hata kidogo ila zimepigwa rangi nyeusi na kubandikwa jina. Kwa macho ya haraka zote zinafanana: nyeusi, nzito, zina maua ya dhahabu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzijua, kuzinunua kwa akili na kuzitunza ziendelee kushona. Msimamo wangu ni huu: sikiliza chuma. Maua hufutika na kubandikwa upya, hadithi ya muuzaji hukua kila inaposimuliwa, na hata tarehe zilizochongwa kwenye vibati zinaweza kukupoteza. Namba ya mashine, mahali inapokaa bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) na mihuri iliyo kwenye vipuri ni vigumu sana kughushi vyote kwa pamoja.

Ukienda kuangalia cherehani beba kurunzi, bisibisi pana iliyonyooka, brashi ya kupakia rangi, chaki, sindano mpya, uzi wa rangi mbili na kipande cha khanga. Beba na daftari. Simu itapiga picha, lakini daftari ndilo litakalokukumbusha mama mwenye mali alisema nini.

Hatua ya kwanza: tafuta namba

Kwenye cherehani nyingi za nyumbani, namba imegongwa juu ya kitako upande wa kulia, karibu na nguzo inayobeba mkono wa mashine. Iko kwenye kijukwaa kidogo kilichoinuka kidogo na kusawazishwa. Mara nyingi imejaa mafuta yaliyoganda na vumbi la vitambaa. Piga brashi, pitisha chaki juu yake, kisha futa kwa kidole: chaki hubaki ndani ya herufi na namba inasomeka. Mulika kurunzi kutoka ubavuni, usimulike kutoka juu, ndipo upige picha. Kwenye ile ndogo ya modeli 221, namba iko chini ya kitako, kwa hiyo omba ruhusa ya kuigeuza.

Usichanganye namba hii na zile zilizotokeza kwenye chuma chini ya mashine. Hizo ni namba za kipuri, zilitoka na kalibu ya kiwanda, na maelfu ya cherehani zinazo zilezile. Vilevile, kile kibati cha kuteleza kinachofunika bobini mara nyingi kimechongwa orodha ya tarehe za karne ya 19. Wauzaji wengi huzisoma kama mwaka wa kutengenezwa. Ni tarehe za hataza, yaani haki za uvumbuzi. Cherehani iliyotengenezwa miaka mingi baadaye inaweza kubeba kibati hicho hicho.

Hatua ya pili: soma herufi zilizotangulia namba

Namba tupu isiyo na herufi, kwa cherehani za nyumbani, maana yake mashine ni ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia mwaka huo Singer iliweka herufi moja mbele, na baadaye herufi mbili. Herufi hizo zinakuambia kiwanda.

F, J, M, P, R, S, V, X na Y zilikwenda kwenye kiwanda cha Clydebank, Uskoti. B, D, G, H, K, L na N zilikwenda Elizabeth, New Jersey, Marekani. C ni Wittenberge, Ujerumani. Kwa herufi mbili, zile zinazoanza na E (EA, EB, EC na kuendelea hadi ES) ni Clydebank, zinazoanza na A ni Elizabeth, na JA, JB na wenzake ni kiwanda cha St-Jean, Quebec, nchini Kanada.

Huku kwetu utakutana na Clydebank kuliko kiwanda kingine chochote, kwa sababu bidhaa za viwandani za Uingereza ndizo zilizojaa katika bandari za makoloni yake. Kiwanda hicho, kilichojengwa mtaa wa Kilbowie katika miaka ya 1880, kilikuwa kikubwa kiasi cha kuwa na stesheni yake ya treni, na stesheni hiyo mpaka leo inaitwa Singer. Mwaka 1913 kilitoa zaidi ya cherehani milioni moja. Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Clydebank kwa mabomu na kiwanda kikaumia. Kikafungwa mwaka 1980.

Kwa mfululizo wa E, makadirio ya haraka ni haya: EF ni mwaka 1949, EG na EH zinaangukia kati ya 1950 na 1952, EJ ni 1953 na 1954, EK ni 1955, EM ni karibu na 1957 na 1958. Ukitaka mwaka wa namba yako hasa, orodha zipo mtandaoni bure. Ile ya jumuiya ya kimataifa ya wakusanyaji wa cherehani, ISMACS, ndiyo wengi wanaitegemea. Ila kumbuka kwamba namba ziligawiwa kwa mafungu, laki moja hapa, elfu hamsini pale, kabla mashine zenyewe hazijaundwa. Mwaka unaoupata ni wa fungu. Mashine ingeweza kutoka kiwandani baadaye kidogo, na kumfikia mnunuzi wa Tanga au Kisumu baadaye zaidi.

Hapa pana mitego mitatu inayowaangusha hata wenye uzoefu. K iliyo mbele ya namba ya mashine ni ya Elizabeth, lakini K iliyo katikati ya jina la modeli, kama 15K80 au 99K, inasimamia Kilbowie. G nayo ni vivyo hivyo: kwenye namba ya mashine ni Elizabeth, kwenye jina la modeli ni Karlsruhe, Ujerumani. Na JA kwenye namba ya Singer ni Quebec, ilhali JA2-1 ni modeli ya cherehani za China, Butterfly ikiwemo. Mtu anaona "JA" kwenye Butterfly anakimbilia orodha za Singer na kupata mwaka ambao hauna maana yoyote.

Hatua ya tatu: fungua bobini, ujue modeli

Kwa mashine za katikati ya miaka ya 1930 na kuendelea, jina la modeli mara nyingi limeandikwa kwenye kibao kidogo chini ya nembo ya shaba, upande wa mbele wa nguzo. Kama halipo au limefutika, bobini itakuambia. Hakuna njia ya uhakika zaidi.

Vuta vibati vilivyo kwenye kitako. Ukikuta viwili virefu, kimoja mbele na kimoja nyuma ya sindano, umeshika familia ya 27, 28, 127 na 128. Telezesha cha mbele utazame ndani: kuna kitu cha chuma kinachong'aa, kirefu, kimechongoka mbele kama risasi. Hiyo ndiyo shatoli. Zungusha gurudumu polepole kuelekea kwako uone inavyobembea kwenda na kurudi, ikipenya katikati ya kitanzi cha uzi wa juu. Ndani yake mna bobini nyembamba ndefu isiyofanana na bobini yoyote inayouzwa leo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji mtaani. Ninaipenda familia hii kuliko zote, kwa sababu mshono wenyewe unauona ukitengenezwa. 27 na 127 ni za saizi kamili, 28 na 128 ni zile fupi. Kwenye 127 na 128 ukisukuma chombo cha shatoli, shatoli inanyanyuka yenyewe. Kwenye 27 na 28 unaitoa kwa vidole. Kabla ya kulipa hakikisha shatoli na angalau bobini moja vimo. Vikipotea hivyo, umenunua pambo.

Ukikuta bobini imesimama wima upande wa kushoto kabisa, ndani ya kikombe chake kinachochomolewa kwa kuvuta kijiulimi, hiyo ni 15. Kirekebisha uzi, ile skrubu yenye springi na sahani mbili, kimekaa kwenye kifuniko cha kushoto, ubavuni mwa mashine. 15K ndiyo farasi wa kazi wa mafundi wengi wa barazani, na ndiyo iliyoigwa kuliko zote.

Bobini ikiwa imelala chini ya kibati kidogo cha mbele, unaidondosha tu kutoka juu, basi ni 66, 99 au 201. Hapa tazama kirekebisha uzi. Kikikutazama wewe unayeshona ni 66 au 99, kikiwa ubavuni kushoto ni 201. Kati ya 66 na 99 tofauti ni ukubwa: kitako cha saizi kamili kina urefu wa takriban sentimita 37, na cha 99 ni kama sentimita 31. 66 zenye maua ya rangi nyekundu, kijani na dhahabu, ambayo wakusanyaji wameyapa jina la jicho jekundu, nyingi zimetoka Marekani, kwa hiyo ukiiona huku iandike daftarini.

201K ni fahari ya Singer. Kulabu yake, ile inayokamata uzi wa juu chini ya kitako, inazunguka mzunguko mzima badala ya kwenda nusu na kurudi, na ikiwa imetiwa mafuta vizuri unasikia kitambaa kuliko mashine. Za mwanzo ni chuma cha kalibu, za baadaye ni aluminiamu na umbo lake limenyooka zaidi. Zote mbili ni nzuri. Anayezikimbia za aluminiamu kwa kuwa "si za zamani" anaacha mashine bora mezani.

Ndogo kabisa ni 221, iliyoingia sokoni mwaka 1933, ya aluminiamu, yenye uzito wa kilo tano tu na sehemu ya kitako inayokunjwa juu. Dada yake 222K ya miaka ya 1950 ina mkono ulio wazi wa kushonea mikono ya shati na upindo wa suruali. Hizi ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Zinatumia bobini yao wenyewe, na kikombe cha bobini kikipotea bei yake inauma.

Usisahau mashine za kazi maalumu. Mafundi viatu wengi wanatumia 29K, ile yenye mkono mrefu mwembamba na mguu unaoweza kuzungushwa pande zote ili ushone kiraka ndani ya kiatu. Na 31K ni ya mafundi wa suti, imejengwa kwa kushinda kutwa nzima kazini. Hizi zinatumia sindano zao, tofauti na za nyumbani.

Hatua ya nne: hakikisha ni Singer kweli

Butterfly ya Shanghai imewashonea watu sare za shule na magauni ya harusi kote Afrika Mashariki, na ni mashine ninayoiheshimu. Muundo wake umefuata Singer 15. Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani nayo ilitengeneza nakala nyingi za 15, baadhi zikiwa imara sana. Tatizo linaanza pale mtu anapopaka rangi nakala hizo na kubandika neno SINGER ili apandishe bei.

Utamjua hivi. Geuza mashine, au fungua kifuniko cha kushoto, utafute vipuri vilivyogongwa neno SIMANCO pamoja na namba. Hicho ni kifupi cha jina la kampuni, na Singer ilikigonga kwenye skrubu kubwa, vibati, miguu ya kukandamizia kitambaa, hata kwenye vipuri ambavyo fundi hatavigusa maisha yake yote. Anayeghushi hapotezi muda huko ndani. Kisha tazama nembo: ya kweli kwenye mashine nyingi za zamani ni ya shaba, imepigiliwa kwa ribiti mbili, na inaonyesha shatoli, sindano zilizopishana na uzi uliojikunja kama herufi S. Pitisha kidole pembeni yake. Rangi iliyopanda juu ya ukingo wa nembo au kuziba namba ya mashine ni dalili kwamba brashi ilipita baada ya kiwanda. Hilo peke yake si kosa, kuna waliopaka kwa mapenzi, lakini bei ishuke.

Nembo yenye duara la buluu na maandishi 1851-1951 ni ya kuadhimisha miaka 100 tangu Isaac Merritt Singer apate hataza yake. Inapendeza, na watu huiuza kama dhahabu. Kwa kuwa viwanda vilikuwa vinatoa mashine kwa wingi mwaka huo, si adimu. Ilipe kama nyingine yoyote ya modeli hiyo.

Kuhusu zebaki nyekundu

Jambo hili limeharibu mashine nyingi nzuri, kwa hiyo naliandika bila kuzunguka. Aprili 2009 ulienea uvumi Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina "zebaki nyekundu" ndani ya sindano, yenye thamani ya mamilioni, na kwamba ukisogeza simu ya mkononi karibu nayo mawasiliano yanakatika. Magazeti yaliripoti mashine kuuzwa hadi riyali 200,000. Serikali ya huko ikatangaza kuwa ni uongo. Ujumbe wa namna hiyo bado unarushwa kwenye makundi ya simu, na huku kwetu wapo watu wanaozunguka vijijini "kupima" cherehani za akina bibi kwa sumaku na simu.

Cherehani imeundwa kwa chuma cha kalibu, chuma cha pua, shaba na kwa baadhi aluminiamu. Hakuna zebaki ya rangi yoyote. Sumaku itanasa kwa sababu ni chuma. Mtu akija na habari hizo, asikuachie amana, asichukue mashine "kwenda kuipima", na usimruhusu afungue kitu.

Hatua ya tano: ijaribu kabla ya kutoa pesa

Omba kwa heshima. "Shikamoo mama, naomba niigeuze kidogo nione chini" inafungua milango ambayo haraka haifungui. Cherehani nyingi ni za marehemu, na mwenye nayo anataka kujua kama inakwenda kwa mtu au kwa mnunua vyuma chakavu.

Nyanyua mguu wa kukandamizia, kisha zungusha gurudumu kuelekea kwako, taratibu, mizunguko kadhaa. Uzito ulio sawa mzunguko mzima ni mafuta yaliyokauka, na hiyo inatibika. Uzito unaokwama mahali pamoja kila mara ni uzi ulionasa kwenye kulabu au kitu kilichopinda, nayo mara nyingi inatibika. Mlio wa chuma kugonga chuma ni wa kusikiliza kwa makini: angalia sindano, huenda imefungwa chini kupita kiasi au ni ya aina nyingine.

Kagua kitako kizima kwa kurunzi kutafuta ufa. Chuma cha kalibu hakipindi, kinapasuka, na ufa kwenye kitako au kwenye mkono ni sababu ya kuondoka, labda kama unataka vipuri. Tazama meno yanayosukuma kitambaa: yawe na ncha. Jaribu kulegeza nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu, ile inayotenganisha gurudumu na mashine wakati wa kujaza bobini. Ikilegea na gurudumu likaendelea kuvuta sindano, usiogope. Ndani yake kuna washa yenye vijiulimi vitatu, na mara nyingi fundi aliyeifungua zamani aliirudisha kinyume. Itoe, igeuze upande wa pili, ifunge.

Sasa weka sindano mpya. Modeli 15, 27, 28, 66, 99, 127, 128, 201 na 221 zote zinatumia sindano ya kawaida inayouzwa kila mahali kwa jina la HAx1. Sindano hiyo ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingia kutokea upande wa mfereji. Modeli zinatofautiana upande, kwa hiyo fuata mkondo wa uzi: kile kishikizo cha mwisho juu ya sindano kiko upande gani, mfereji uelekee huko. Asilimia kubwa ya mashine zinazoitwa "mbovu, zinaruka mshono" zina sindano iliyogeuzwa tu.

Weka uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini, kunja khanga mara mbili, shona mstari mrefu. Rangi ya chini ikitokeza juu, legeza kirekebisha uzi cha juu. Ya juu ikitokeza chini, kaza. Usikimbilie skrubu ya kikombe cha bobini. Ukilazimika kuigusa, igeuze kidogo sana, chini ya robo mzunguko, ukishaandika ilipokuwa.

Kwa cherehani ya miguu kagua pia chuma cha chini. Pedeli yenye jina la Singer lililotoka kwenye kalibu haimaanishi kichwa kilichokaa juu ni cha Singer, na kinyume chake. Meza na vichwa vimebadilishana sana. Mkanda wa ngozi ukiwa umekatika si hoja, unanunulika.

Hatua ya sita: safisha bila kuua maua

Hapa ndipo pazuri pa kwenda polepole, maana kosa moja halirudi nyuma.

Rangi nyeusi ya Singer za zamani imefunikwa na varnishi inayoyeyuka kwenye spiriti. Kwa hiyo usitumie spiriti, kitakasa mikono, petroli wala tina. Ukipaka spiriti, mng'ao unageuka ukungu na maua ya dhahabu yanabadilika kuwa fedha chini ya kitambaa chako. Maji na sabuni navyo vinaingia kwenye nyufa ndogo za varnishi na kuinua michoro. Kinachofaa ni mafuta ya cherehani yenyewe na pamba laini. Paka kidogo, acha dakika kadhaa, futa kwa mzunguko mwepesi, badilisha pamba kila inapochafuka. Rudia hata siku kadhaa. Kwenye maua usisugue, gusa na kuinua. Jaribu kwanza nyuma ya nguzo, mahali pasipoonekana.

Vibati vinavyong'aa unaweza kuvitoa na kuving'arisha kwa dawa ya kung'arishia shaba, ukiviweka mbali na rangi. Kutu ya juu juu inatoka kwa sufi ya chuma laini kabisa yenye mafuta. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, chumvi ya hewa inakula vibati na springi haraka kuliko bara, kwa hiyo mashine ya Unguja yenye madoa ya kutu haimaanishi ilitelekezwa.

Kwa mashine iliyoganda, dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, bila kumwagia rangi. Iache usiku kucha. Asubuhi isukume gurudumu mbele na nyuma kwa mkono, kidogo kidogo. Isipotii, ongeza na usubiri, kwa sababu nguvu ndiyo inayovunja. Ikishalegea, futa uchafu mweusi unaotoka, kisha weka mafuta ya cherehani kila tundu, maana mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi.

Mafuta ya kula, ya nazi na oili chafu ya gari ndiyo yaliyogandisha mashine nyingi. Yanakauka na kuwa gundi ya njano. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani ni bei rahisi kuliko siku moja ya fundi.

Kwenye 66 na 99 toa kikombe cha bobini utafute kipande cha feliti nyekundu kilichokaa chini yake. Wengi hawajui kipo. Kikikauka mashine inakuwa nzito na yenye kelele. Tone moja la mafuta pale linabadilisha kila kitu.

Zenye mota

Usichomeke mara tu unapofika nyumbani. Soma kibao cha mota: za Marekani ni volti 110, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 inaungua papo hapo. Waya wenye mpira uliopasuka ubadilishwe na fundi umeme kabla ya kitu kingine chochote. Mota za zamani zenye vijibomba vya grisi, kama ya 221, hazitaki mafuta ya kimiminika, zinataka grisi laini yake. Na kama mota ya nje imekufa kwenye 15, 66 au 99, ifungue uiweke kando na kumbukumbu zake. Kama gurudumu lake ni la miale, yaani lenye spoki na nafasi wazi katikati yake, mashine hiyo inapokea mkono wa kuzungushia, na inaweza kushona tena siku hiyo hiyo bila umeme.

Ukusanye nini

Anayekusanya kila nyeusi yenye dhahabu anajaza chumba ndani ya mwaka mmoja. Ni nzito na zinataka mafuta kila moja. Ningeanza na tatu: 128K kwa ajili ya shatoli, 15K kwa sababu vipuri vyake viko kila mtaa, na 99K au 201K kwa ubora wa mshono. Baada ya hapo chagua njia. Wengine hufuata maua, yaani michoro ya sfinksi, ua la yungiyungi na mengine. Wengine hufuata viwanda, Clydebank hadi Podolsk ya Urusi. Njia ambayo huku kwetu karibu hakuna anayeifuata, na ambayo ningependa kuona watu wanaiingia, ni ya kukusanya mashine pamoja na historia ya waliozitumia: fundi wa kanzu, mama aliyesomesha watoto kwa kushona mashuka, duka lililomkopesha mashine kwa malipo ya kila mwezi. Mauzo ya kulipa kidogo kidogo Singer iliyaanza Marekani katika miaka ya 1850, na ndiyo yaliyoifikisha cherehani kwa watu wasio na fedha taslimu. Risiti ya zamani iliyobaki kwenye droo ya meza ina thamani kuliko maua yote ya dhahabu. Usiitupe.

Kwa hiyo kila mashine iwe na ukurasa wake: namba, modeli, kiwanda, mwaka wa fungu, ilipotoka, nani aliishonea, alishona nini, imebadilishwa kipuri gani, na picha za kabla na baada. Ukikwama kwenye utambuzi, makumbusho ya Clydebank yana mkusanyiko mkubwa wa cherehani za Singer, na kumbukumbu nyingi za kampuni zimehifadhiwa na Wisconsin Historical Society, Marekani.

Kuhifadhi, funika kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu. Usiinue mashine kwa kushika mpini wa sanduku la mbao bila kukagua kufuli, kwani kufuli za zamani huachia ghafla na kitako kikianguka kinapasuka. Ukisafirisha kwa basi, toa kichwa kwenye sanduku, kifunge kwenye blanketi, ukiweke kwenye kiti na wala si ndani ya buti. Na kila mwezi zungusha kila moja kwa dakika mbili ikiwa na kipande cha kitambaa chini ya mguu, tone la mafuta kwenye kila tundu, kisha shona mistari miwili mitatu ili mafuta yaliyozidi yatoke kwenye kitambaa chakavu kabla hujaweka nguo ya mtu.